Kuinuka kwa Mzazi Aliyepasuliwa

Mwanamke wa Gitambi anaposhindwa kujifungua kwa njia ya kawaida, hapasuliwi katika kituo cha afya. Hupelekwa hospitali kubwa, kama ile ya Mibilizi iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, ambako kuna chumba cha upasuaji. Akishashonwa na kurudishwa wodini, jamaa hudhani hatari imekwisha na kilichobaki ni kulala tu. Hapo kosa la kwanza hutendeka, nalo hutendeka kwa mapenzi. Ndugu anayemwuguza humkataza hata kugeuka.

Damu ya mwanamke aliyetoka kuzaa ni nyepesi kuganda kuliko siku nyingine, maana ndiyo kinga yake asitokwe na damu hadi kufa. Lakini akilala kutwa kucha bila kutikisa miguu, damu hiyo yaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na bonge lake likifika mapafuni huweza kuua ghafla.

Muuguzi mwema hamwamrishi mzazi ainuke tu. Kwanza humpa dawa ya maumivu na kuingoja ifanye kazi. Kumkemea mtu anayeumwa atembee ni ukatili. Wakati ganzi ingali miguuni, mzazi hasimami, bali miguu ikianza kumtii hukunja na kukunjua nyayo palepale kitandani. Hisia zikirejea kamili, ndani ya siku ile ya kwanza, hukunja magoti, hulala ubavu, huteremsha miguu na kujisukuma kwa kiwiko. Kuinuka wima kutoka chali huvuta mshono. Huketi kwanza ukingoni. Akiona kizunguzungu hurudishwa, hujaribu tena baadaye. Asimamapo, muuguzi humshika upande mmoja na ndugu upande wa pili, naye huweka mkono au kitenge kilichokunjwa juu ya kidonda, na hufanya vivyo hivyo akitaka kukohoa. Wengi hutembea wameinama wakihofia nyuzi zitakatika. Hazikatiki kwa kunyooka. Hatua chache hadi dirishani zatosha kwa mara ya kwanza, na akishaweza kutembea, mpira wa mkojo hutolewa.

Upasuaji huu si mgeni katika nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1879 Robert Felkin, mganga kutoka Uingereza, aliushuhudia huko Bunyoro, Uganda: mzazi alileweshwa kwa pombe ya ndizi, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma, na baada ya siku 11 kikawa kimefunga. Habari kama hizo zimesimuliwa pia juu ya Rwanda, ambako mitishamba ilitumika.

Lakini ngozi kufunga si tumbo kupona, na hapa ndipo penye kosa la pili. Mzazi yule yule aliyekatazwa kugeuka hospitalini, akifika nyumbani na kuonekana anatembea, hukabidhiwa dumu la maji na jembe. Gitambi ni vilima, na maji yapandishwayo mlimani ni mazito. Kwa majuma sita asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Kutembea uani ni dawa. Kubeba mzigo ni madhara.

Askari aliyepewa ruhusa ya siku chache asizimalize kwa kupokea pongezi. Kabla ya kurudi kambini, ajue kwa majina nani atateka maji na nani atatafuta kuni hadi majuma hayo yatimie, na amjulishe mshauri wa afya wa kijiji kwamba mzazi amerudi.

Homa, usaha, kidonda kufunguka au damu nyingi ni sababu ya kurudi hospitali upesi. Vivyo hivyo kubanwa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu lake. Mguu wa namna hiyo haukandwi kwa maji ya moto wala hausuguliwi kwa mafuta, hata kama bibi anayesugua ana mkono mwepesi namna gani. Mzazi apelekwe siku ile ile, akiwa amebebwa.