Urithi Wangu Uko Chini ya Maji!

Basi bwana, mwaka 2021 nikapigiwa simu na baba mdogo kutoka Ilagala. "Mwanangu, njoo tuzungumze urithi wa marehemu baba yako." Msomaji wangu, usinicheke. Mtu aliyezoea kugombania daladala akisikia neno urithi, kichwani inamjia nyumba yenye wapangaji sita. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda treni mpaka Kigoma, na kutoka pale gari la abiria.

Kiha changu kinaishia kwenye "mwakeye", kwa hiyo salamu zilikwisha mapema. Baba mdogo akanipeleka bondeni, akanyoosha kidole. "Pale."

Pale wapi? Mbele yangu kulikuwa na maji, matete na michikichi iliyozama mpaka kiunoni kama watu wanaongoja kubatizwa. Nilibaki hoi!

Ilagala iko karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Na huo mto si wa kuchezea. Mwaka 1871, kule juu Uvinza, mamba alimkamata punda wa Stanley wakati akivushwa, bwana mwenyewe akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Ujiji hao wawili wana mnara na makumbusho. Bondeni kwetu sikuona hata kibao.

Kumbe chini ya yale maji kuna majaruba ya mpunga. Matuta yake aliyainua babu kwa jembe la mkono, tuta baada ya tuta, ili maji ya mvua yatulie. Na kabla ya babu? Ziwa! Zamani Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Tanganyika kwenda Kongo, ulizibwa na matope na matete, ziwa likapanda na kupanda. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikafumuka, na katika miaka isiyozidi ishirini maji yakashuka kama mita 10. Nchi kavu ikatokea, watu wakashuka nayo na majembe. Mwaka 1964 ziwa likapanda tena. Mwaka 2020 na 2021, tena. "Lilituazima," baba mdogo akasema, akatema mate pembeni.

Halafu kuna mambo ya Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu walipotolewa huko mabondeni wakapangwa kando ya barabara. Nyumba zilianguka, michikichi ikabaki. Mzee anaisoma kama daftari la mahudhurio: ule mstari wa shangazi, hii miwili ya jirani aliyehamia Uvinza, ule uliopinda aliupanda baba yangu akiwa kijana. Hapo nilinyamaza kidogo. Sikuwahi kujua kama baba alipanda kitu chochote duniani zaidi ya mkeka wa bao.

Nilikuja kusoma habari za Grand-Pré, Kanada. Wafaransa walioitwa Waakadia walianza kuzuia bahari huko miaka ya 1680 kwa tuta la udongo na majani. Chini yake waliweka mlango wa mbao: maji ya mvua yanausukuma yanatoka, bahari ikijaa unajifunga wenyewe. Mwaka 1755 Waingereza wakawafukuza, mashamba wakapewa wageni. Lakini matuta yanatunzwa na kulimwa mpaka leo, na mwaka 2012 UNESCO ikayatangaza urithi wa dunia. Haya, na yetu? Sisemi babu alizuia bahari. Alifuata maji yakirudi, akayakimbia yakija. Mbona hiyo nayo ni kazi?

Sasa sikia kasheshe. Kuna jamaa anataka kununua eneo lote, maji kwa michikichi yake. Ananunua kwa bei ya bwawa, anangoja likauke auze kwa bei ya shamba. Baba mdogo hawezi kuuza bila sahihi yangu, na ana deni la ada ya watoto. Mimi nami nilikuwa nimeshaichagua pikipiki, hata rangi. Nyekundu.

Sikusaini. Nikasema nitafikiri, nikabeba galoni la mawese na migebuka mikavu, nikarudi kuunusisha samaki mtaa mzima.

Juzi simu imelia tena. "Maji yamerudi nyuma kidogo. Tuta la kwanza la babu yako limeonekana. Nitafute mbegu au nimwite yule jamaa?" Nimeomba mpaka Jumamosi. Kipande cha pesa ya pikipiki bado ninacho. Nimeuliza mbegu ya mpunga gunia moja ni shilingi ngapi.