Barua ya wazi kwa bodi zinazowaajiri wasemaji wa kaunti

Kwa Wenyeviti na Wanachama wa Bodi za Utumishi wa Umma, Kaunti za Kisii na Nyamira

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Keroka, mji uliokaa katika kaunti zenu zote mbili, kwa hiyo matangazo ya pande zote hunifikia. Nawaandikia kuhusu wanaoyatunga.

Katika kaunti nyingi nchini, kijana wa mawasiliano huanzia kwenye kampeni. Alipiga picha, akajibu matusi ya wapinzani Facebook, mkubwa akashinda, naye akaingia ofisini pamoja naye. Hakuhojiwa na mtu. Barua ya ajira hana, na posho yake hutoka mfukoni mwa mkubwa baada ya hafla, ikitoka. Kijana huyo atawezaje kuwaambia watu wa Nyansiongo au Tabaka kwamba zahanati imeishiwa dawa? Akiandika hivyo, kesho hana nauli.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinawataka mtangaze nafasi ili ziwafikie watu wengi iwezekanavyo. Kifungu cha 65 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii iliyo kubwa katika kaunti. Najua pingamizi: msemaji asiyejua Ekegusii atawafaa nini wazee barazani? Basi wapimeni lugha, msisome majina ya ukoo. Wapo watu wa Sotik wanaoongea Ekegusii vizuri kuliko watoto wetu waliolelewa Nairobi.

Mshahara nao utajwe. Waajiri wa huku, binafsi hasa, hudai shahada, uzoefu, kamera ya mwombaji mwenyewe na uanachama wa Chama cha Mahusiano ya Umma cha Kenya, kisha huandika kwamba malipo yatajadiliwa. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kisii anayetafuta kazi kwa mara ya kwanza atajadiliana kwa nguvu gani? Kaunti haina kisingizio hicho, kwa kuwa kila daraja lina kiwango chake cha mshahara. Na anayeitwa wa kujitolea huku akifanya kazi mwaka mzima, huyo ni mwajiriwa asiyelipwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

Mtasema fedha hazitoshi, na kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zimefunga mishahara kwenye asilimia 35 ya mapato. Nakubali. Ajirini watatu waliofuzu badala ya kundi zima la wapiga picha, ambao gharama yao huenda haionekani katika hesabu yoyote.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kabla kampeni hazijaanza kuwagawa vijana hawa, chapisheni nafasi zote za mawasiliano mlizo nazo, daraja la kila moja na tarehe ilipotangazwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inanipa haki ya kuuliza. Nitaleta ombi langu kwa maandishi katika ofisi zote mbili.

Wenu,
Mkazi wa Keroka