Chai ya yuzu na somo la vitate

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba vitate na vitawe ni mitego ya watahini tu. Kikombe cha chai chaweza kuwakosoa.

Ifikapo Desemba, baadhi ya wauzaji chai huchanganya majani na maganda ya yuzu, tunda la Kijapani la jamii ya malimau, kali kwa uchachu na lenye ganda linukialo mno. Chai hiyo huuzwa kwa jina la desturi za Japani za siku yenye mchana mfupi kuliko zote mwakani, tarehe 21 au 22 Desemba.

Siku hiyo Wajapani hutia yuzu katika maji moto ya kuogea, wakiamini kwamba aogaye humo hatashikwa na mafua. Lakini mbona yuzu, wala si chungwa? Jibu moja wanalolitoa wenyewe limo katika lugha. Siku hiyo huitwa "tooji", na neno jingine litamkwalo vivyo hivyo lina maana ya kujitibu kwa kuoga katika chemchemi za maji moto. Hivyo ni vitawe. Nalo "yuzu" hukaribiana na "yuuzuu", yaani wepesi wa kujirekebisha hali inapobadilika. Kinachoyatenganisha ni urefu wa irabu tu. Hivyo ni vitate. Kwa hiyo aogaye na yuzu siku ya tooji hujiombea afya na wepesi wa kukabili yajayo.

Atakayepinga atasema kuwa huenda desturi ilitangulia, mchezo wa maneno ukazuliwa baadaye. Naam, huenda. Hata hivyo, mchezo huo ndio unaompa mzazi njia nyepesi ya kumweleza mtoto sababu ya kuoga hivyo, na mtoto hausahau.

Sisemi chai hiyo isinywewe. Nasema kwamba ganda la yuzu hukaushwa likasafirishwa, ilhali mchezo wa maneno hufa pindi utafsiriwapo. Mnunuzi wa ng'ambo hupata harufu, akakosa maana.

Walimu wenzangu, tufundishapo "paa" na "kaa", tusiishie kwenye orodha ya mtihani. Tuwatume wanafunzi wakawaulize wazee wao, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, ni miiko, vitendawili na majina gani yanayotegemea sauti ya neno. Wayaandike wangali na wa kuwaeleza.