PS2 iliyochakachuliwa: Maswali ya mzazi kabla ya kulipa

Likizo ya Desemba ikikaribia, mtoto wa Chanika mjini Handeni huwa na ombi moja: "Mama, tununulie PS." Amechoka kukaa kwenye banda la gemu akisubiri zamu nyuma ya vijana wakubwa. Mama naye amechoka kumtafuta kila magharibi. Anapiga hesabu yake: heri mtoto acheze sebuleni anakoonekana kuliko kibandani asikoonekana.

Hesabu hiyo haina ubaya. Ubaya unaweza kuanza mama akishapanda gari hadi Korogwe, kilomita zipatazo 65 za lami, na kusimama mbele ya meza ya fundi. Juu ya meza kuna PlayStation 2 za mtumba, pedi zilizofungwa kwa mpira na rundo la waya.

"Mama, chukua hii. Imeshachakachuliwa, inasoma flashi, gemu hamsini zimo humo humo."

Mama anauliza bei. Anauliza kama pedi ni mbili. Analipa, anafungiwa kwenye mfuko, anarudi Handeni. Hakuuliza swali lililokuwa muhimu kuliko yote: mashine hii ilifunguliwa na nani, na alipoifunga alirudisha nini ndani?

Kwa nini zinachakachuliwa

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony ikasimamisha utengenezaji wake mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 155. Kwa hiyo inayouzwa leo ni kuukuu. Lenzi yake ya kusomea diski imechoka, na diski halisi hazipatikani kirahisi. Ndiyo maana mafundi huzibadilisha ili zisome gemu kwa njia nyingine.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kuchomelea chipu kwenye bodi ya mashine. Ya pili ni kutumia memori kadi iliyowekewa programu, inayojulikana zaidi ni Free McBoot. Kadi inachomekwa mbele na gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi. Ya tatu, kwa zile PS2 nene za zamani, ni kuweka hadi diski kwenye nafasi iliyo nyuma.

Kwa mzazi anayefikiria usalama wa mtoto, njia ya memori kadi ndiyo ya kuomba kwanza, kwa sababu haihitaji mashine kufunguliwa. Njia ya chipu inategemea mkono wa fundi. Waya uliochomelewa vibaya unaweza kugusana na mwingine, na skrubu iliyosahaulika inaweza kuzunguka ndani ya mashine yenye umeme.

Jambo moja lisemwe wazi: gemu zilizonakiliwa bila ruhusa ya mwenye kazi zinagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mzazi anayepata diski halisi, hata za mtumba, yuko mahali salama zaidi, na kama itakavyoonekana mbele, anapata pia kitu ambacho flashi haina.

Kibandiko cha nyuma kisomwe

Kabla ya kuwasha, mashine igeuzwe. Kuna kibandiko chenye namba inayoanza na SCPH. Tarakimu mbili za mwisho zinaeleza mashine ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani: 00 ni Japani, 01 ni Marekani, 03 ni Uingereza na 04 ni Ulaya. SCPH-50004, kwa mfano, ni ya Ulaya. SCPH-50000 ni ya Japani.

Hii si habari ya kujifurahisha. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. PS2 nene ya Japani ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Handeni, inapokea umeme zaidi ya mara mbili ya ule iliyotengenezewa. Bahati ikiwa nzuri, fyuzi inakatika. Ikiwa mbaya, kunatoka moshi sebuleni, na anayekuwa karibu na mashine wakati huo ni mtoto.

Kibandiko kikionyesha volti 100 au 120 pekee, mashine hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kwa familia nyingi ni heri kuiacha na kuchagua nyingine yenye volti 220 hadi 240.

PS2 nyembamba nyingi hutumia adapta ya nje inayotoa volti 8.5. Hapo isomwe adapta yenyewe. Adapta ya kompyuta au ya kisimbuzi iliyokatwa waya na kuungwa kwa selotepu ikataliwe, hata kama "inawaka vizuri tu". Zile nyembamba za mwisho, zenye namba ya SCPH-90000 na kuendelea, zina mfumo wa umeme ndani na hazina adapta.

Zipo pia mashine zenye namba inayoanza na DTL badala ya SCPH. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazounda gemu ili zijaribie kazi zao, si kwa ajili ya nyumbani. Zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Ikitokea fundi anaisifia kwamba "hii ni ya watengenezaji wenyewe", mzazi hana sababu ya kuongeza bei kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano.

Na lipo kopo lenye sura ya PlayStation ambalo si PlayStation kabisa. Moja ya majina yake maarufu ni PolyStation. Ndani yake kuna gemu za kizazi cha Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Si hatari kwa sababu hiyo, lakini bei yake haipaswi kufanana na ya PS2.

Betri ndogo iliyomo ndani

Ndani ya PS2 kuna betri bapa kama sarafu, CR2032, inayotunza saa. Ikifa, mashine hupoteza tarehe na kuiomba upya kila inapowashwa. Gemu zinaendelea kuchezeka, kwa hiyo hakuna haraka ya kuibadilisha.

Hatari ipo kwenye ile betri ya zamani fundi akishaitoa. Mara nyingi inaachwa mezani, inatupwa kwenye mfuko pamoja na waya, au anapewa mtoto aichezee. Betri hiyo ina upana wa milimita 20, ukubwa unaotosha kukwama kwenye koo la mtoto mdogo. Ikikwama, umeme uliobaki ndani yake hukutana na unyevunyevu wa koo na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri iliyoshindwa kuendesha saa bado inaweza kuwa na nguvu ya kuunguza.

Mtoto huenda asiseme. Dalili zake zinafanana na magonjwa ya kila siku: mate kumtoka, kukohoa, kukataa kula, kutapika, kulalamika kifua au koo. Mzazi anaweza kudhani ni mafua au mafindofindo.

Akishukiwa kumeza betri, asitapishwe na asisubiriwe mpaka ipite chooni. Apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye eksirei, na anayempeleka aseme neno "betri" tangu mapokezi ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka 5, agizo kwa fundi liwe moja: betri ya zamani isirudi nyumbani ikiwa huru. Izungushiwe selotepu pande zote mbili na itupwe mbali na watoto.

Ikigoma, si kila kitu ni ubovu

Wazazi wengi hulipa fundi kwa matatizo ambayo si ubovu. Haya ndiyo ya kawaida:

Picha haina rangi. Mara nyingi mashine na TV havikubaliani kuhusu mfumo wa picha, PAL kwa Ulaya na NTSC kwa Japani na Marekani. Ijaribiwe kwanza kubadilisha mpangilio wa rangi kwenye TV. Pia waya wa njano uangaliwe kama umechomekwa kwenye tundu lake.

Skrini nyekundu yenye maandishi. Mashine haikuitambua diski. Ama lenzi ina vumbi au imechoka, ama diski imenakiliwa na mashine hiyo haina chipu.

Inawaka lakini orodha ya gemu haitokei. Memori kadi haijakaa sawasawa, au programu yake imefutika. Baadhi ya mashine za SCPH-90000 zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2008 haziikubali Free McBoot kabisa. Ndiyo sababu mashine ijaribiwe mbele ya mnunuzi, kwa memori kadi ile ile atakayoondoka nayo.

Flashi haisomwi. Iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Flashi ikiwa nzima kwenye kompyuta lakini haionekani kwenye PS2, hilo liangaliwe kwanza.

Video za mwanzo wa gemu zinakwamakwama. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha zamani, USB 1.1, lina kasi ndogo kuliko diski. Kukwama huko kukitokea kwenye flashi pekee, bodi haina kosa na hakuna cha kutengeneza.

Inazima yenyewe baada ya muda. Feni imejaa vumbi, au mashine imefunikwa. Kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza juu ya TV kisifike juu ya PS2, wala mashine isikae juu ya godoro.

Dalili tatu hazihitaji majaribio ya nyumbani: harufu ya kuungua, plagi kuwa ya moto, na umeme kumtekenya mtoto anapogusa mashine. Swichi ya ukutani izimwe, plagi itolewe, mashine isirudishwe mpaka fundi wa umeme aione. Asifunguliwe mtoto wala kaka yake "aangalie tu". Sehemu ya umeme inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Na mtu akinaswa na umeme, asivutwe kwa mkono mtupu. Umeme uzimwe kwanza.

Gemu hamsini, chache za mtoto

Diski halisi ina ganda, na kwenye ganda kuna alama ya umri. Kwa Ulaya, mfumo wa PEGI ulioanza 2003 huandika 3, 7, 12, 16 au 18. Gemu ikihamishiwa kwenye flashi, ganda linabaki nyuma. Mzazi anaona orodha ya majina tu. Mpira wa miguu uko mstari mmoja na Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya watu wazima yenye mauaji na lugha chafu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, orodha ifunguliwe pale pale mezani na isomwe yote. "Fundi, hii ni ya nini? Niwashie niione." Fundi muungwana atawasha, na atafuta zile ambazo mama hazitaki. Kazi hiyo huchukua dakika chache kibandani. Nyumbani, bila kompyuta, inaweza isifanyike kabisa.

Mtoto mwenye kifafa asianze kucheza kabla mzazi hajaongea na mhudumu wa kliniki anakotibiwa, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa mwanga unaomulika haraka huweza kuamsha degedege. Watoto wote wakae mbali na TV, taa ya chumbani ikiwa inawaka.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Kwa wa miaka 5 hadi 17, shirika hilo linataka angalau dakika 60 kwa siku za kutumia mwili: kukimbia, kucheza mpira, kuruka kamba. PS2 isile dakika hizo, wala isile usingizi.

Shirika hilo hilo limeutambua uraibu wa gemu kama ugonjwa, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto anayelia akizimiwa ni mgonjwa. Kinachoangaliwa ni mtoto kushindwa kujizuia, gemu kutangulia shule, chakula na marafiki, na kuendelea hivyo hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Mama wa Chanika bado anaweza kumfurahisha mwanawe Desemba hii. Aende Korogwe mchana, si jioni fundi akiwa na haraka ya kufunga. Asome kibandiko, aombe njia ya memori kadi, aiwashe mashine kwa nusu saa ashike plagi kuona kama inapata moto, apitie orodha yote. Akikuta fundi anayekasirishwa na maswali hayo, meza ya jirani ipo.