Mbunge Mmoja Atafanya Nini?



Mwaka 2017 nilikuwa nyumbani Kahama, nimekwenda kusalimia wazee. Jioni nikakaa kijiweni, na jamaa yangu mmoja wa chama tawala (tumesoma naye, hatuna ugomvi) akaamua kunitania mbele za watu. "Nyie ACT mna mbunge mmoja nchi nzima. Mmoja! Kule Dodoma anafanya nini zaidi ya kula posho?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana hesabu ni hesabu.

Tusidanganyane, mwaka ule ulitubana. Mwenyekiti wetu aliteuliwa mkuu wa mkoa, na kabla yake kiongozi mwingine mkubwa aliteuliwa katibu mkuu wa wizara. Mikutano ya hadhara ilikuwa imezuiwa tangu 2016. Bunge lenyewe lilikuwa halionekani tena moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa kama zamani, tangu Januari 2016 tulipoambiwa ni gharama. Kwa hiyo swali la jamaa yangu halikuwa la kijinga. Vijana wetu wengi walikuwa wanajiuliza hivyohivyo, ila hawasemi.

Jibu langu lilikuwa pale pale Kahama, na nilichelewa kulitoa. Kutoka kijiweni hadi mgodi wa Buzwagi ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Na Agosti 2017 jina hilo la Buzwagi lilitimiza miaka 10 tangu litikise Bunge.

Agosti 2007 mimi nilikuwa kidato cha pili. Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli, na redio yake ilikuwa haizimwi kipindi cha bajeti. Watu walikuwa wanaleta baiskeli nzima, haina hata pancha, ili tu wapate sababu ya kukaa wasikilize. Siku ile ya hoja ya Buzwagi nakumbuka kazi ilisimama kabisa. Kijana wa miaka 30, Mbunge wa Kigoma Kaskazini, anasimama kuliomba Bunge liunde kamati teule ichunguze kwa nini Waziri wa Nishati na Madini alisaini mkataba wa mgodi huo hotelini London, Februari mwaka ule, wakati Serikali yenyewe ilishatangaza kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Swali jepesi kabisa. Haraka ya nini? Na kwa nini London, wakati dhahabu iko Kahama?

Zitto wakati ule alikuwa CHADEMA. Najua wapo watakaoniambia "hiyo ni historia ya CHADEMA, si yenu." Sawa, wachukue. Mimi sigombanii hati miliki. Ninachotaka mwone ni idadi. Uchaguzi wa 2005 uliwapa CHADEMA majimbo 5 nchi nzima. CCM majimbo 206. Mtu aliyesimama na hoja ile alikuwa anajua kabla hajafungua mdomo kwamba kura hana. Na kweli hakuzipata. Bunge likageuza kibao: badala ya kuunda kamati ya kumchunguza waziri, likamsimamisha mwenye hoja hadi Januari 2008, kwamba amesema uongo.

Baba mdogo alizima redio. Hiyo nakumbuka vizuri kuliko hata hotuba yenyewe.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo vijana wengi wanaruka. Kilichofuata si kwamba Zitto "alishinda". Mgodi ulijengwa, na dhahabu ikaanza kutoka 2009. Lakini lile jambo halikulala. Akiwa nje ya Bunge alizunguka mikoani, watu wakajaa, na kila aliyekuwa hajui mrabaha ni nini akaanza kuuliza. Septemba ile ile Dk. Slaa akasoma orodha ya mafisadi Mwembeyanga. Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya kuangalia sekta nzima ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na ndani ya kamati akamweka nani? Yule yule aliyefungiwa Bungeni kwa madai ya uongo. Februari 2008 waziri aliyesaini London akajiuzulu, ingawa tuwe wakweli, kilichomwondoa ni Richmond, si Buzwagi. Na mwaka 2010 Bunge lile lile likapitisha Sheria mpya ya Madini.

Sheria hiyo ilifanya nini? Kwa dhahabu, mrabaha ulipanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na kikubwa zaidi ambacho watu hawakisemi: kabla ya hapo kampuni ilikuwa inakata kwanza baadhi ya gharama zake, halafu Serikali inapewa asilimia 3 ya kinachobaki. Sheria ya 2010 ikasema hapana, tunapiga kwenye thamani ghafi. Yaani dhahabu ya shilingi bilioni 100, Serikali inachukua bilioni 4 kamili, hakuna cha gharama za kusafisha wala nini. Wenye mikataba ya zamani waliendelea kujificha nyuma ya mikataba yao kwa muda, ndiyo maana nasema hakuna aliyeshinda. Ila mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na aliyeanza kuusukuma alikuwa mtu asiye na kura.

Julai 2017 mliona wenyewe. Sheria tatu za rasilimali zilipitishwa kwa hati ya dharura, ndani ya siku chache, mrabaha wa dhahabu ukaenda asilimia 6, Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi. Waliopiga makofi ni chama kile kile kilichopiga kura ya kumfungia Zitto. Rais wetu wa mwaka 2017 naye alikuwa waziri kwenye Serikali ya mwaka ule wa 2007. Simlaumu kwa kubadilika, kubadilika ni jambo jema. Ninachouliza ni miaka kumi katikati hapo dhahabu yetu ilikwenda kwa masharti ya nani? Na sheria nzito namna ile, inayogusa mikataba ya vizazi, wabunge wanapewa siku ngapi za kuisoma? Kama 2007 tulikosea kwa kusaini haraka, dawa yake haiwezi kuwa kutunga sheria haraka.

Sasa nigeuke kwetu, maana nisije nikaonekana naimba sifa za aliyekuwa Kiongozi wa Chama tu.

Siku hizi vijana tunapenda "kulipua". Mbunge akisimama, sisi tunasubiri kipande cha dakika mbili cha WhatsApp, tunaandika "jembe!", "nondo!", tumemaliza. Hatuulizi hoja ilitumia kanuni gani, ilijibiwaje, waziri aliahidi nini na kwa tarehe gani. Buzwagi haikuwa kulipua. Ilikuwa hoja binafsi, imeandikwa, imewasilishwa kwa utaratibu wa Bunge, ina ombi moja linaloeleweka. Ndiyo maana hata ilipozimwa ilibaki kwenye Hansard, na mtu yeyote leo anaweza kuisoma na kuona nani alisema nini.

Mfano mwingine ni Aprili 2012. Ripoti ya CAG imetoka, mawaziri wanatajwa, hakuna anayewajibika. Zitto akaanza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kanuni zinataka asilimia 20 ya wabunge wote, na saini zikafika zaidi ya 70. Baadhi zilitoka CCM! Marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa alisaini hadharani. Hoja yenyewe haikufika hata kupigiwa kura, lakini mapema Mei Rais akalipangua Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakabaki nje. Hapo napenda kukaa kidogo, kwa sababu sisi vijana tumezoea kuwaona wabunge wote wa CCM kama ukuta mmoja. Si kweli. Wapo wanaosubiri mtu awaletee karatasi yenye hoja nzuri waweke saini. Ukiwatukana asubuhi, jioni hawawezi kukusainia.

Na Escrow je? Nani alianza? David Kafulila, wa NCCR-Mageuzi, Kigoma Kusini. Akaitwa tumbili mle ndani na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Akaendelea kuuliza. Novemba 2014 taarifa ya PAC ikasomwa, Zitto akiwa mwenyekiti, na kabla mwaka haujaisha Mwanasheria Mkuu huyo alikuwa amejiuzulu. Tena mbunge mmoja, wa chama kidogo.

Kwa hiyo wasiwasi wangu mwaka 2017 haukuwa kwamba tulikuwa na mbunge mmoja. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba huyo mmoja hakuwa na watu nyuma yake wanaomfanyia kazi. 2007 alikuwa na redio za mafundi baiskeli nchi nzima. 2017 redio hiyo haikuwepo, na sisi ambao tungekuwa redio tulikuwa tunabishana Facebook nani kahama chama na nani anafuata. Na KC wa wakati ule mwenyewe, kwa heshima zote, niliona hoja nyingi alikuwa anaanzia mtandaoni kabla hazijafika Bungeni. Mtandaoni waziri halazimiki kujibu. Bungeni analazimika, hata kwa kujing'ata ng'ata. Kipindi cha bajeti unaweza hata kushika shilingi ya mshahara wake mpaka aeleze.

Ngome ya Vijana hatuhitaji ruhusa ya polisi kusoma Hansard. Hazina bei, ziko kwenye tovuti ya Bunge. Mimi nilianza na majibu ya iliyokuwa Wizara ya Nishati na Madini kuanzia bajeti ya mwaka 2017, nikaandika kila ahadi na tarehe yake kwenye daftari. Nilitaka wenzangu wachukue Kilimo, hasa mlioko kwenye pamba na tumbaku, Elimu kwa walio vyuoni na wanaojua shida ya mikopo, na Maji. Bunge lilikuwa linakaa tena Septemba 2017. Tungempelekea mbunge wetu maswali kumi yenye tarehe na kurasa, angekuwa na cha kumbana nacho waziri.

Jamaa yangu wa kijiweni nimempigia simu jana kumwambia haya yote. Kasema nimtumie hiyo Hansard ya Buzwagi, anataka kuona kama mbunge wao wa wakati ule alichangia, na alichangia nini. Nimemtumia. Bado hajajibu.