Majina ya Kupanga Viwanjani Marekani

Jina jema hung'ara gizani, waliamba wahenga. Sijui wangenena nini lau wangeshuhudia jina likikodishwa kwa miaka kadha, kisha likabanduliwa ukutani kama bango. Hayo ndiyo yanayotendeka katika viwanja vya kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao, ajabu ya Musa, mpira hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu.

Hapo awali vingi vya viwanja hivyo vilijengwa kuwa kumbukumbu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Illinois, ulioanza kutumiwa mwaka wa 1923, una nguzo zenye majina ya wana wa chuo hicho waliofia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jijini Chicago, uwanja wa manispaa uliitwa Soldier Field, yaani uwanja wa askari, mnamo 1925 kwa sababu iyo hiyo. Kisha fedha zikabisha hodi. Kampuni ya vyakula ya Rich iliafiki kulipa dola milioni 1.5 kwa muda wa miaka 25 ili uwanja mpya wa Buffalo uitwe kwa jina lake. Huko Baltimore, uwanja ulipewa jina la kampuni ya intaneti ya PSINet. Kampuni ikafilisika mwaka wa 2001, na uwanja ukabaki umevaa kanzu ya marehemu.

Watetezi wa biashara hii hudai kuwa inampunguzia mlipa kodi mzigo. Hoja hiyo siipuuzi, kwani viwanja havijengwi kwa maneno. Hata hivyo, nashikilia kwamba jina la uwanja ni mali ya wanaolitamka. Wapiga kura wa San Francisco waliliona hilo mwaka wa 2004 walipoamua kwamba uwanja wao urejeshewe jina la Candlestick Park mara mkataba wa mfadhili utakapokwisha.

Mfano unaonigusa zaidi, nami ni mwanafunzi, ni wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Jack Trice, mwanamichezo wa kwanza mweusi chuoni humo, aliumia katika mechi dhidi ya Minnesota mnamo Oktoba 1923, akafariki siku mbili baadaye. Uwanja mpya ulipojengwa katika miaka ya 1970, wanafunzi walidai uitwe kwa jina lake. Wakuu wa chuo walisitasita. Mwaka wa 1984 wakatoa nusu shari: uwanja ukaitwa Cyclone, nalo jina la Trice likapewa sehemu ya kuchezea tu. Wanafunzi hawakuridhika, walichanga fedha, wakamsimamishia sanamu. Hatimaye, mwaka wa 1997, uwanja mzima ukaitwa Jack Trice. Walioanzisha madai hayo walikuwa wamehitimu zamani.