Mtawa aliyesinzia kwenye sala

MZAZI anayefika kitandani saa sita usiku, baada ya kuosha vyombo, kupiga pasi sare za shule na kumpa dawa mtoto mwenye homa, anajua kinachofuata. Anapiga magoti, anaanza Baba Yetu, na kabla hajafika kwenye mkate wa kila siku, usingizi umeshamchukua. Asubuhi anaamka akijilaumu kwamba Mungu naye amepewa makombo ya siku.

Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux nchini Ufaransa, alikuwa na tatizo hilohilo. Kwa miaka saba alisinzia wakati wa tafakari, hata baada ya komunyo alipotakiwa kushukuru. Aliandika mwenyewe kwamba pengine ilimpasa kusikitika, lakini hakusikitika. Hoja yake ilikuwa rahisi: wazazi huwapenda watoto waliolala sawa na walio macho, na daktari naye humlaza mgonjwa kabla ya kumpasua.

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya binti aliyelelewa vizuri, asiyejua taabu. Nyumba aliyotoka inasema vingine.

Mama yake, Zélie, alikuwa fundi wa lesi mjini Alençon. Baba yake, Louis, alikuwa fundi saa. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne, watatu wakiwa wachanga na mmoja akiwa na miaka mitano. Teresa, kitinda mimba, alizaliwa Januari 2, 1873, naye nusura afuate wenzake. Ilibidi apelekwe kijijini kwa mama mwingine, Rose Taillé, amnyonyeshe. Alikaa huko mwaka mmoja hivi.

Zélie alianza kuhisi uvimbe kwenye titi mwaka 1865, akamwandikia mdogo wake aliyesomea famasia. Miaka ikapita. Alipomwona daktari Desemba 1876, ilikuwa imechelewa kumpasua. Juni 1877 alisafiri na binti zake watatu hadi Lourdes kuomba kupona. Hakupona. Alifariki Agosti 28 mwaka huo akiwa na miaka 45, na Teresa alikuwa na miaka minne tu.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Kumtumaini Mungu hakukumfanya Zélie awakimbie madaktari. Alisali na akatafuta tiba. Mama wa leo anayegusa uvimbe kwenye titi ana nafasi ambayo Zélie hakuwa nayo, na safari ya kituo cha afya ni ya wiki hii, haingoji mkesha uishe.

Teresa aliingia utawani mwaka 1888 akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata baba yake, aliyempenda kuliko mtu yeyote duniani, alichanganyikiwa akili na kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen kwa zaidi ya miaka mitatu. Binti hakuweza kutoka kwenda kumwona.

Kisha, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya 1896, alitema damu. Ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza, streptomaisini, ingegunduliwa mwaka 1943. Siku za Pasaka hiyohiyo giza likamwingia moyoni. Mbingu aliyoiwaza tangu utotoni haikumfariji tena, ikawa kama ukuta mbele yake. Hali hiyo ilidumu hadi kifo chake.

Ni katika giza hilo, Juni 1897, akiwa mgonjwa sana, ndipo aliandika kuhusu lifti. Alisema nyumba za matajiri siku hizo hazikuhitaji tena ngazi. Yeye alikuwa mdogo mno kupanda ngazi ndefu ya utakatifu, hivyo alitaka mikono ya Yesu iwe lifti yake. Hakudai kwamba anajisikia kubebwa. Aliamua kuamini kwamba amebebwa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mengine aliyofanya yalikuwa madogo. Pale walipofulia, sista aliyekuwa mbele yake alimrushia maji machafu usoni kila alipoinua vitambaa. Teresa alijizuia hata kujifuta, asimwonyeshe kwamba anakerwa. Mzazi mwenye watoto wawili wanaogombania rimoti anaelewa ugumu wa sala ya namna hiyo.

Teresa alifariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24.

Mama yake aliacha barua, na zimebaki zaidi ya 200. Hazina mafumbo mengi. Zimejaa maradhi ya watoto, oda za lesi zinazochelewa, na uchovu. Oktoba 18, 2015, Papa Fransisko alimtangaza Zélie kuwa mtakatifu pamoja na Louis, mke na mume wa kwanza kutangazwa kwa pamoja.